Kipini cha Kusikilizwa

Nchi ninayotaka kuisimulia haina jina, na kama inalo, nimelisahau kwa hiari yangu baada ya kutafakari kwa kina. Iko mbali sana. Ukihisi harufu yake ulipo, jua ni upepo tu umepotea njia. Naomba pia ifahamike mapema kwamba haya si malalamiko. Mimi ni mtu wa kuridhika, masikio yangu yote mawili ni mazima, na ningependa sana yabaki hivyo.

Kiongozi wa nchi hiyo aliitwa Mtukufu Msikilizaji Mkuu. Zamani alikuwa rais tu kama marais wengine, lakini wananchi wake walikuwa na tabia mbaya ya kusema kwamba serikali haiwasikilizi. Walisema hivyo sokoni, wakasema hivyo kwenye foleni ya maji, wakasema hivyo hata misibani mbele ya maiti, naye hakukanusha. Mtukufu aliumia. Akaunda tume. Tume ikazunguka nchi nzima ikila kuku, na iliporudi, ikiwa imenenepa, ikatoa matokeo ya kitaalamu: serikali ilikuwa inasikiliza tangu siku ya kwanza. Tatizo ni kwamba mwananchi akishasikilizwa hana alama. Anatoka ofisini vile vile alivyoingia, na kesho yake, kwa kuwa hana cha kumkumbusha, anarudi na shida ile ile.

Ndipo ikaundwa Wizara ya Usikivu, na kikazaliwa Kipini cha Kusikilizwa.

Utaratibu ulikuwa mwepesi, hata wageni waliusifu. Mwenye shida alikaa kwenye kigoda akaeleza shida yake. Ofisa alitikisa kichwa kwa huzuni, maana huzuni ilikuwamo katika mafunzo yao. Kisha akachukua bastola ya kutogea masikio, akaitia kipini cha dhahabu, akaiweka kwenye ndewe ya mwananchi. Tak. Shida imesikilizwa, mwingine aingie. Ukija na shida nyingine, sikio la pili. Na aliyekwisha kujaza masikio yote mawili akathubutu kufungua tena mdomo, sheria ilisema atogwe ulimi, kwa kuwa huyo tatizo lake lilishajulikana liko wapi.

Viongozi nao walivaa vipini, ili wasionekane wanajitenga na watu. Cha diwani kilikuwa kama punje ya mtama, cha mbunge kama kunde, cha waziri kama kishikizo cha koti. Vya Mtukufu vilikuwa na ukubwa wa kifuniko cha soda, na kwa heshima yake havikutogwa chini kwenye ndewe kama vya watu wa kawaida. Vilitogwa juu, kwenye kile kijinyama kilicho mlangoni mwa sikio, hata vichwa vyake vikaziba tundu zote mbili barabara. Tangu siku hiyo Mtukufu hakusikia kitu. Alifurahi sana. Alisema hajawahi kuona nchi tulivu namna ile, na akamsifu Waziri wa Usikivu, Mheshimiwa Bakilana Ndosi, kwa kazi nzuri. Waziri alimshukuru kwa kadi, maana sasa kila neno Mtukufu aliandikiwa kwenye kadi nyeupe na kushikiwa mbele ya macho.

Mafanikio yakaleta tamaa. Daraja la mto mmoja lilipokatika, Waziri alikwenda mwenyewe, akapigilia kipini cha dhahabu kwenye nguzo iliyobaki, na daraja likahesabiwa kuwa limesikilizwa. Mlango wa hospitali uliokuwa umekwama ulisikilizwa. Tela la takataka lililoozea njiani lilisikilizwa pande zote mbili. Askari walitiwa vipini kwenye soli za viatu, kama njumu za wachezaji mpira, ili raia wajue kwamba usikivu uko njiani unawafuata. Ulipopita mtaani ulisikia viatu vikilia kwa, kwa, kwa, na watu wote wakawa na furaha ghafla.

Vipini vilikuwa vya dhahabu tupu. Redio ilisema hivyo kila asubuhi kabla ya taarifa ya habari, na kila jioni baada yake. Mimi si mtaalamu wa madini, lakini nimeona kwamba dhahabu ya kweli haihitaji kutangazwa mara nyingi hivyo. Kiwanda kilikuwa cha shemeji yake Mtukufu. Katika miezi ile ile kiwanda kilipopamba moto, mabomba ya maji ya mitaani yalianza kupoteza koki zake, na waliokwenda kuuliza koki zimekwenda wapi walitogwa, wakarudi nyumbani na majibu yakining'inia masikioni.

Mvua za kwanza ziliponyesha, dhahabu ikaota kutu ya kijani.

Hapa naomba msomaji aweke pembeni chakula chake, kama anacho. Ndewe za nchi nzima zilivimba zikawa kama embe bivu. Kisha zikaiva kama embe bivu. Kisha zikatoa kile ambacho embe halitoi. Asubuhi watu waliamka na mito imewagandia mashavuni, wakaiondoa taratibu kwa maji ya uvuguvugu, na mito ikabaki na ramani za njano. Kanisani ulipewa mkono wa amani kwa mbali. Kinyozi alinyoa amegeuzia uso dirishani. Nzi walifika kutoka nchi jirani, ambako maisha yao yalikuwa magumu, wakajichagulia kila mmoja sikio lake na kutulia humo kama wapangaji waliolipa mwaka mzima.

Serikali haikukaa kimya. Mheshimiwa Bakilana Ndosi alisimama bungeni, leso puani, akasema maneno haya: "Mheshimiwa Spika, kuna watu wachache wanaosema nchi inanuka. Nchi hainuki. Hiyo ni harufu ya utekelezaji. Kazi ikifanyika, lazima kitu kinukie." Wabunge walipiga meza. Mmoja alipiga kwa nguvu sana hata kipini chake kikachomoka, kikaruka na kumpata mwenzake kwenye karatasi zake, na kilichofuata kwenye karatasi zile sitakieleza. Kiliingizwa katika kumbukumbu rasmi za Bunge kama mchango wa nyongeza.

Katika nchi hiyo palikuwa na shule moja ya bweni, na katika shule hiyo palikuwa na msichana wa kidato cha tatu aitwaye Kidawa Lipala, ambaye mdomo wake haukuwa na breki. Kipini chake cha kwanza alikipata kwa kulalamikia vyoo. Mwaka uliofuata alinyoosha mkono mstarini, mbele ya mkuu wa shule, Mwalimu Kasekwa, akasema, "Shikamoo mwalimu. Maharage ya Jumanne yana wadudu kuliko maharage. Tunaomba basi yabadilishwe jina tujue tunakula nini." Tak, sikio la pili.

Masikio ya Kidawa yaliharibika kama ya wengine, ila yeye hakukubali kuyangalia yakioza. Rafiki yake Mwamini, aliyelala kitanda cha juu yake, ndiye aliyeanza kusikia harufu.

"Kidawa, mwenzangu, kuna kitu kimekufa kitandani kwako."

"Ni sikio."

"La nani?"

"La serikali. Mimi nimeazimwa tu."

Wakaingia bafuni, wakachemsha maji ya chumvi kwa ile hita ya waya iliyokatazwa, na Mwamini akavichomoa vipini vile huku ameziba pumzi. Nataka niseme kilichotoka, lakini nimelelewa vizuri. Sasa ikabaki hatari moja. Kuvua Kipini cha Kusikilizwa lilikuwa kosa kubwa, na askari walikuja kukagua masikio kila walipojisikia. Hapo ndipo wasichana wa bweni walipokumbuka ujuzi wao wa zamani. Shule ile, kama shule nyingi, ilikataza herini kwa kuwa ni uhuni. Kwa hiyo tangu enzi wasichana walivunja vijiti vya ufagio wa chelewa, wakavikata vifupi na kuvitia kwenye ndewe ili matundu yasizibe mpaka likizo. Kijiti cha ufagio hakiozeshi sikio. Mwamini alivunja vijiti viwili, akavisha kila kimoja kikofia cha karatasi ya dhahabu ya peremende, akavipachika.

"Geuka nikuone. Unafanana na mwananchi mwema."

"Na nanuka?"

"Kidogo sana. Itabidi ujitahidi."

Wiki haikuisha bweni zima likawa limevaa ufagio. Fagio zikapungua unene, zikawa kama ndevu za mbuzi, na vumbi likajaa chini ya vitanda. Siri ile ikatoka shuleni ikaenda mitaani, na nchi nzima ikaanza kukimbilia fagio. Wizara ya Usafi ilipoona fagio zimekwisha madukani ilitoa tamko la kuwapongeza wananchi kwa kupenda usafi. Wakati huo barabara zilikuwa hazipitiki kwa taka.

Balaa la Kidawa lilianza Jumanne moja, bwaloni. Hakunyoosha mkono wala hakulalamika. Mwalimu wa zamu alimuuliza kwa upole kama chakula kiko sawa, naye, akitambua kwamba nafasi yake masikioni imekwisha, alikusudia kabisa kusema ni kitamu. Alifungua mdomo. Mdudu akatoka, akatembea kwenye mdomo wa chini, akasimama katikati kama anayetaka kuhutubia, akaruka.

Mwalimu Kasekwa aliamua kwamba hayo yalikuwa malalamiko, tena ya picha.

Habari zilipomfikia Waziri wa Usikivu, alisugua viganja. Katika nchi nzima palikuwa hapajatogwa ulimi hata mmoja. Watu walikuwa na busara ya kunyamaza walipofika sikio la pili. Sasa umepatikana ulimi, tena mchanga. Ikapangwa sherehe. Mtukufu Msikilizaji Mkuu mwenyewe angefika shuleni, angeonja maharage mbele ya kamera na kuthibitisha kwamba hayana kasoro, na papo hapo ulimi wa Kidawa ungesikilizwa.

Bwenini, Mwamini alikaa kitandani kwa Kidawa. Wasichana wengine walijifanya wanapiga pasi.

"Kwani ulimi wanautogaje? Si lazima uutoe nje kwanza?"

"Wanaushika kwa koleo."

"Na ukikataa kuutoa?"

"Wanasema hicho nacho ni kulalamika."

Mwamini akasema, "Ukioza je? Ulimi hauwekewi kijiti cha ufagio."

 Kidawa alikuwa anausogeza ulimi wake huku na huku ndani ya mdomo, polepole, kama mtu anayepita chumba kwa chumba katika nyumba atakayohamishwa. Kwa mara ya kwanza tangu ajulikane shuleni, alikuwa hana la kusema, na kimya chake kiliwatisha wenzake kuliko koleo.

"Basi na ale ya kwetu," Mwamini alisema mwishowe. "Mtukufu. Wakubwa watapikiwa maharage yaliyochambuliwa, si ndiyo? Tutabadilisha sufuria. Akiona wadudu kwa macho yake, nani tena atasema umelalamika bure?"

Lilikuwa wazo zuri. Kosa lake lilikuwa moja: lilimtegemea Mtukufu kuona.

Siku ilipofika bwalo lilipambwa kwa vitambaa. Askari waliingia kwanza, kwa, kwa, kwa, njumu zao zikitoboa sakafu mpya. Kisha akaingia Mtukufu, mzee mfupi mwenye uso mpole, na pamoja naye ikaingia harufu. Sisemi kwamba ilikuwa yake. Nasema waliingia pamoja. Shemeji yake, kumbe, hakuwa na ubaguzi: alimtengenezea Mtukufu vipini kwa koki zile zile. Nyuma ya vifuniko vile viwili vya kijani kulikuwa na kitu kinachovuja mpaka kwenye kola, na kola ilikuwa imebadilishwa rangi kwa makusudi ili ifanane. Hakuna aliyewahi kumwambia. Kumwambia Mtukufu kwamba sikio lake linaoza kungekuwa malalamiko, na malalamiko yana utaratibu wake.

Wanafunzi mia kadhaa walianza kujizuia kutapika kwa pamoja. Mabega yalipanda na kushuka, na ile sauti ya koo ikasambaa kutoka meza hadi meza. Mtukufu aliwatazama, akamgeukia Waziri. Waziri akaandika kwenye kadi, akamshikia: WANAIMBA.

Mtukufu akatabasamu, akaanza kufuatisha mapigo kwa kidole.

Waziri alihutubia. "Wananchi mliosikilizwa, wanafunzi mliosikilizwa, na wewe mpishi ambaye zamu yako inakuja. Leo tumekusanyika kupanua usikivu kutoka masikioni kwenda ulimini. Wenzetu walioendelea bado wako masikioni." Kisha akaashiria Kidawa aletwe. Akawekwa kwenye kigoda pembeni ya meza kuu, askari mmoja akiwa na koleo, mwingine na bastola. Kwenye bastola kilikuwamo kipini kipya, kimeshaanza ukijani.

"Kwanza Mtukufu ataonja," Waziri alisema.

Mwamini na wenzake walikuwa wamefanya kazi yao. Bakuli lililotua mbele ya Mtukufu lilikuwa la Jumanne halisi, linatembea. Mtukufu alichota kijiko, akatafuna, akatikisa kichwa. Bwalo likashika pumzi, ingawa tayari lilikuwa limeishika kwa sababu nyingine.

"Pilipili manga nzuri," alisema Mtukufu. "Imekaangwa vizuri, inalia mdomoni."

Mwamini alifunika uso. Askari mwenye koleo akamwambia Kidawa, kwa adabu, "Dada, toa."

Mtukufu aliinama tena juu ya bakuli. Mvuke wa maharage ukampanda usoni, ukaingia nyuma ya kile kifuniko cha upande wa kulia na kulainisha kilichobaki kulainishwa. Bwalo zima liliona. Kipini kilitikisika, kikaning'inia, kikadondoka ndani ya bakuli bila sauti, na hakikwenda peke yake. Kilikwenda na kile kijinyama. Mtukufu, aliyekuwa anawatazama wanafunzi wake wakiimba, alichota palipokuwa pamejaa zaidi.

Akatafuna. Akatafuna tena. Akameza nusu. Kisha uso wake ukafanya kama mtu aliyeuma jiwe kwenye wali, akaingiza vidole mdomoni, akatoa Kipini cha Kusikilizwa, kikiwa safi kama kilivyotoka kiwandani.

Sasa hata askari walikuwa wanaimba. Mwalimu Kasekwa aliimba ndani ya kofia yake mwenyewe.

Waziri alikuwa mtu wa sheria, na sheria haikumtupa. Alikiinua kipini juu ili kamera zione. "Ndugu zangu," alisema, "mmeshuhudia. Kipini kimekutwa ndani ya maharage. Kisheria, chochote chenye kipini kimesikilizwa: tulianza na daraja, tukaja mlango, tukaja tela. Leo maharage yenyewe yamesikilizwa, tena na Mtukufu mwenyewe, kwa meno yake." Hapo akamwona Kidawa na koleo, akakumbuka kifungu kingine, na kikamchukiza, lakini kamera zilikuwa zinawaka. "Na jambo moja halisikilizwi mara mbili. Mwachilieni."

Koleo likashushwa. Kidawa akarudisha ulimi wake ndani, akaufungia.

Yangeishia hapo. Lakini Mtukufu alikuwa ameinua mkono. Alikuwa ameinamisha kichwa upande wa kulia, pale palipokuwa wazi, na uso wake umebadilika kama wa mtu aliyeamka garini na kukuta kituo chake kimepitwa.

"Sauti gani hiyo?" aliuliza.

Waziri aliandika kadi haraka. Mtukufu aliisukuma pembeni.

"Nimeuliza sauti gani."

"Ni wananchi, Mtukufu," Waziri alisema, kwa kukosa namna.

"Wameanza lini?"

 Waziri na walimu walitazama viatu vyao. Kidawa, ambaye dakika hiyo hiyo alikuwa ameponea chupuchupu, na ambaye mtu yeyote mwenye akili angemshauri akae kimya mpaka uzeeni, akafungua mdomo.

"Tangu zamani, babu."

Mtukufu akamgeukia. "Na wewe unataka nini, mwanangu?"

"Maharage yasiyo na wadudu. Na koki zirudishwe mtaani kwetu." Akafikiri kidogo. "Na hilo sikio lioshwe kwa maji ya chumvi, la sivyo litakuua."

Mzee aligusa pale pembeni ya uso wake. Akavitazama vidole vyake, akavinusa. Nasimulia kama nilivyosimuliwa: alivuta pumzi kama mtu anayetaka kusema kitu kirefu, akasema, "Kumbe..."

Tak.

Waziri alikuwa amesimama nyuma yake na bastola, ameitia kipini cha akiba cha Mtukufu. Hakulenga vizuri, lakini kipini kilishika nyama iliyobaki, kikubwa kuliko cha kwanza, na kikaziba. Bwalo lote likapiga kelele. Mtukufu alikodoa macho kwa muda, akitazama vinywa vilivyofunguliwa. Waziri akatoa ile kadi ya mwanzo, akaipangusa maharage, akamshikia.

Mtukufu akaisoma. Akatabasamu, ingawa si haraka kama mwanzo, na kidole chake kikarudi kwenye mapigo.

Taarifa ya habari ilisema Mtukufu alionja chakula cha shule akakikuta na nyama. Kwa hiyo tangu siku hiyo, ubaoni pa bwalo, Jumanne imeandikwa maharage kwa nyama, na wadudu wapo vile vile. Kidawa hajambo. Masikioni anavaa vijiti vya ufagio, na ulimi wake anao, anautumia. Wenzake humtuma mbele ya foleni akaangalie kama leo kweli kuna nyama, naye, kabla ya kuchungulia sufuria, huyatazama kwanza masikio ya mpishi.